Mchezo unaolipa kukataa na mchezo unaolipa kuchuja

Jumamosi ya kwanza nilipowachezesha wanafunzi wa kidato cha pili mchezo wangu wa kadi, kikundi kilichoshinda hakikusoma hata kadi moja mpaka mwisho.

Mimi ni mkutubi hapa Tanga mjini. Kwa miaka kadhaa sasa nimejipa kazi ya kuwafundisha vijana kutafuta habari, kuipima na kuitumia, iwe imo kitabuni au imeingia kwenye simu. Siku hiyo nilikuwa na kadi 20 za manila, kila kadi na habari yake: meseji, tangazo la kazi, picha yenye maelezo, kipande cha historia. Kikundi kinasoma, kinaamua "kweli" au "uzushi", kikipatia kinapewa pointi 1. Ukiamini uzushi unanyang'anywa pointi 2. Ukikataa habari ya kweli, hupotezi kitu.

Kadi 14 kati ya zile 20 zilikuwa za uzushi. Binti mmoja wa mtaa wa Makorora alipoona kadi nne za mwanzo zote ni uongo, akawanong'oneza wenzake: "Tuseme uzushi zote, tumalize." Wakapata 14. Kikundi kilichobishana kadi kwa kadi, kikarudia kusoma, kikaulizana, kilipata 9.

Yule binti sikumlaumu, maana aliucheza vizuri kabisa mchezo niliompa. Mtoto hujifunza kile ambacho mchezo unakilipa, hata mwalimu aseme nini mwisho wa kipindi. Mimi nilikuwa nalipa kukataa, na kukataa ndiko walikojifunza.

Nililala na jambo hilo siku nyingi, kwa sababu madhara yake nayajua. Kwa mfano, chanjo ya HPV, inayokinga saratani ya mlango wa kizazi, ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na mwaka 2024 ikawa dozi moja kwa wa miaka 9 hadi 14. Inatolewa bure. Meseji inayosema hivyo ni ya kweli. Sambamba nayo inatembea meseji nyingine inayodai chanjo hiyo inafunga uzazi, na huo ni uzushi. Mtoto aliyefundishwa kwamba mjanja ni yule anayesema "uongo huo" atazikataa zote mbili na kuondoka akijiona mjanja, bila chanjo. Kumbe kuikataa habari ya kweli kuna gharama, tena kubwa, ila mchezo wangu ulikuwa unaificha.

Wataalamu wenyewe wamegongana na jambo hili. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akiwamo Jon Roozenbeek na Sander van der Linden, walishirikiana na watengenezaji wa michezo kutoka Uholanzi kutoa mchezo wa mtandaoni uitwao Bad News. Humo mchezaji anakuwa mzushi: anajipatia wafuasi kwa kuchochea hasira, kujifanya mtu mwingine, kugawa watu makundi. Wazo lake ni la tangu miaka ya 1960, la mwanasaikolojia William McGuire wa Marekani, kwamba akili nayo huweza kuchanjwa. Mwonjeshe mtu uongo kidogo, uliopunguzwa makali, na akikutana na ule mkali utamkuta amejiandaa. Mchezo ule ulipokelewa vizuri sana, na mimi nilipoujua niliupenda. Lakini mwaka 2023 Ariana Modirrousta-Galian na Philip Higham walizipitia upya takwimu za majaribio ya michezo ya namna hii. Wakaona kwamba baada ya kucheza, watu wengi walikuwa wepesi zaidi kusema habari ni ya uongo, hata ile ya kweli. Uwezo wa kutofautisha kweli na uongo haukuwa umepanda. Nilipoisoma kazi hiyo nilimkumbuka binti wa Makorora.

Kwa hiyo nikaufumua mchezo wote. Sasa kadi ni 12, na idadi ya za kweli hubadilika kila wiki bila wao kujua. Wiki moja za kweli ni 4, wiki nyingine ni 9. Ukipatia, pointi 2. Ukikosea, unapoteza pointi 2, iwe umeamini uzushi au umeikataa kweli. Halafu kila kikundi kinapewa kete 6, komwe hizi hizi za bao. Kete ni bando. Ukitaka kutafuta habari mtandaoni, kufungua kitabu rafuni au kumpigia mtu simu, unalipa kete 1. Kete zinazobaki mwisho wa mchezo, kila moja ni pointi 1.

Kete ndizo zilizouamsha mchezo. Kadi 12 na kete 6, huwezi kutafuta zote, kwa hiyo lazima mkae muulizane: ipi tunaijua tayari, ipi haina madhara hata tukikosea, ipi inatudai hela au afya? Na ndivyo tunavyoishi. Hakuna mtu hapa Ngamiani mwenye bando wala muda wa kuhakiki kila kinachoingia kwenye kundi la familia. Anayejua kuchagua cha kuhakiki ameshavuka nusu ya njia. Simu yenyewe ni moja tu na ni yangu, kwa kuwa wanafunzi hawaruhusiwi kuja na simu shuleni. Zamani niliona huo ni upungufu, ila siku hizi hata ningepewa simu kumi ningetumia moja. Kidole kikiwa kimoja, midomo yote minne inabidi ikubaliane kwanza kinatafutwa nini, na kwa maneno gani.

Kabla ya kuamua, kikundi lazima kitamke kwa sauti majibu ya maswali matatu: Nani kasema? Kajuaje? Nani mwingine kasema, asiyemtegemea yeye? Swali la tatu ndilo gumu kuliko yote, nalo lina utafiti nyuma yake. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwachukua wahakiki habari 10, wanahistoria 10 wenye shahada za uzamivu na wanafunzi 25 wa chuo hicho, wakawapa tovuti wazipime. Wanahistoria na wanafunzi walizama kwenye ukurasa wenyewe, wakatazama nembo, mpangilio na lugha nzuri, na wengi wakadanganyika. Wahakiki walitazama kidogo tu, kisha wakatoka kwenda kuuliza kwingine tovuti hiyo ni ya nani.

Kuwaeleza jambo hilo watoto wa miaka 15 ilinishinda, mpaka siku moja nilipotoa mfano wa posa. Barua ya posa ikiletwa nyumbani, wazee hawamuulizi mposaji kama ana tabia njema. Atasema anayo. Wanamtuma mtu mtaani kwake, kwa majirani, msikitini, kazini, akaulizie. Darasa zima lilicheka, likaelewa papo hapo. Tangu siku hiyo hawasemi "tuhakiki chanzo". Wanasema "tukaulizie posa", na hudondosha kete mezani.

Kadi inayozua kelele kuliko zote ni hii: "Mwaka 1914 nyuki waliwashambulia wanajeshi waliokuwa wakipigana hapa Tanga." Karibu kila kikundi huikataa bila kutoa kete. Nyuki na vita, wapi na wapi? Lakini ni kweli. Novemba 1914, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walishusha hapa askari wapatao 8,000, wengi wao kutoka India, kuuteka mji uliokuwa mikononi mwa Wajerumani. Waliokuwa wakiulinda, chini ya Paul von Lettow-Vorbeck, walikuwa kama 1,000. Waliotua walishindwa, wakarudi melini wakaondoka. Katikati ya mapigano makundi ya nyuki yaliyochokozwa yaliwavamia askari wa pande zote mbili, ndiyo maana baadhi ya vitabu huyaita Mapigano ya Nyuki. Watoto waliozaliwa hapa hapa, wanaopita kila siku walipozikwa askari wa vita hiyo, wanaishika kadi kama hadithi ya sungura.

Dakika kumi baadaye naitoa kadi ya pili: "Wajerumani walitega nyaya kwenye mizinga ya nyuki ili nyuki wawavamie Waingereza." Hapo vikundi vyote, vikiwa bado vinauguza pointi zilizopotea, hupaza sauti: "Kweli!" Wanapoteza tena. Hadithi ya nyaya ilienezwa upande wa Waingereza baada ya kushindwa, na walioumwa na nyuki walikuwa wa pande zote. Nazipenda kadi hizi mbili kuliko zote. Ya kwanza inamwadhibu anayekataa kwa kuwa habari ni ya ajabu, ya pili inamwadhibu anayeamini kwa kuwa habari inafanana na ile aliyoambiwa punde tu kuwa ni kweli. Baada ya hapo kete huanza kutoka.

Kadi ya Mapango ya Amboni, yaliyo hapa hapa Tanga, naishughulikia kwa uangalifu zaidi. Wengi wamelelewa na hadithi kwamba njia ya pango inatokea Kilimanjaro, na upimaji uliofanywa mwaka 1994 ulikuta pango refu kuliko yote ni kama mita 900. Sitaki mtoto arudi nyumbani akamwambie babu yake kuwa ni mwongo. Kwa hiyo kadi hiyo haina pointi, tunaizungumza tu. Hadithi ya mzee inatuambia watu waliheshimu mahali pale na waliogopa nini, na kipimo kinatuambia urefu. Ni maswali mawili, kila moja na mtu wake wa kuulizwa.

Za matapeli zipo nyingi, na hizo watoto wanazijua kuliko mimi. "Ile hela tuma kwenye namba hii" hawapotezei kete hata moja. Kinachowatega ni tangazo la kazi. Bomba la mafuta ghafi lenye urefu wa kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, linaishia Chongoleani, nje kidogo ya mji wetu, na kila kijana hapa ana kaka anayesubiri ajira. Kadi inataja bomba, mshahara mnono na "shilingi 30,000 ya fomu". Hamu inaanza kusoma kabla ya macho. Naiweka pamoja na tangazo la kweli lisilodai hela, lenye anwani na tarehe ya mwisho, kisha nawaachia wabishane. Tukimaliza nawaonyesha mambo mawili wakawafundishe wazazi: meseji ya kitapeli inatumwa kwenda 15040, na kwa kupiga *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuna wiki moja katika muhula nawapa wao kalamu waandike meseji ya kitapeli kwa ajili ya kikundi kingine. Hili linahitaji tahadhari. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ipo, na hata isingekuwapo, sitaki kuzalisha matapeli. Kila kitu huandikwa kwa penseli kwenye karatasi, hakuna kupiga picha, na mwisho karatasi zinachanwa mbele ya wote. Lakini nani atajua jinsi haraka inavyopofusha, kama hajawahi kukaa akalitafuta neno la kumfanya mwenzake aharakishe? Kijana mmoja aliandika tu: "Mama yako amelazwa, piga namba hii." Kikundi kizima kilinyamaza. Nusu saa iliyofuata hatukucheza, tulizungumza.

Mazungumzo hayo ndiyo sehemu ambayo wenzangu huiruka wanapouchukua mchezo huu, nami nawasihi wasiiruke. Mchezo ni dakika 40, baada yake ni dakika 20 za kuulizana mlifikaje hapo: mlitoa kete wapi na kwa nini, nani alikuwa na shaka akanyamaza. Bila dakika hizo wanaondoka na matokeo tu, kama waliotoka mpirani.

Muhula huu nimeongeza sauti, kwa sababu ujumbe wa sauti wa WhatsApp hauna maneno ya kunakili na kutafuta, na siku hizi kompyuta inaweza kuiga sauti ya mtu. Nilimwomba mama mmoja anayetusaidia maktaba, ambaye wanafunzi wanamfahamu vizuri, arekodi sauti: kipindi cha Jumamosi ijayo kimehamishwa, kitaanza saa nane mchana badala ya saa nne asubuhi. Vikundi vitatu viliikataa hapo hapo. "Sauti za kompyuta hizo, mwalimu." Cha nne kilikaa kimya kidogo. Yule binti wa Makorora akasukuma kete katikati ya meza, akaomba simu, akapiga.

"Shikamoo mama. Samahani, ni wewe uliyesema kipindi kimehamishwa?"

"Marahaba mwanangu. Ni mimi, saa nane."

Walilipa kete moja, wakapata pointi mbili. Na Jumamosi iliyofuata, saa nane kamili, wote wanne walikuwa mlangoni.