Bei ya Tajiri

Nimesomesha uchumi chuo kikuu miaka kumi na tisa, lakini swali lililonisumbua zaidi nililipata nyumbani Malindi, nimekaa juu ya dau lililopinduliwa, naandika bei za samaki.

Nilikuja na kichwa kilichojaa Kerala. Huko India, mtandao wa simu ulienea pwani kati ya 1997 na 2001, na mwanauchumi Robert Jensen akafuatilia wavuvi wa samaki wadogo, ndugu za hawa ambao sisi tunawaita simu (wanafunzi wangu hawachoki kuicheka hiyo). Kabla ya hapo mvuvi alitia nanga soko la karibu, akakuta samaki wamefurika na wanatupwa, ilhali soko la jirani wanatafutwa. Asilimia 5 hadi 8 ya samaki wa kila siku waliharibika. Simu zilipofika, hasara hiyo ikaisha, faida ya wavuvi ikapanda kwa takriban asilimia 8, na mlaji akanunua kwa bei nafuu kidogo.

Basi mbona Malindi kila mvuvi ana simu, bei ya mji wa jirani, Watamu, anaijua, na bado anamuuzia tajiri wake, yule mfanyabiashara anayenunua samaki wake siku zote, kwa bei ya chini?

"Mwanangu," mzee mmoja akaniuliza, "kusi ikivuma, huyo wa Watamu ananijua mimi?"

Hapo ndipo nilipoona dodoso langu ni bovu. Nilikuwa nimeuliza mapato wakati wa kaskazi, bahari imetulia, nikazidisha kwa kumi na mbili. Aibu! Kusi huingia karibu na Aprili, na kwa miezi kadhaa vyombo vidogo hukaa ufukweni siku nyingi. Nikaanza upya kwa daftari la kila siku, misimu yote miwili.

Daftari lilionyesha hivi. Nyavu ni za tajiri, mashine pengine pia, na wakati wa kusi ndiye anayetoa unga na karo. Riba haitajwi popote. Imejificha ndani ya bei ya kilo. Shilingi anazokatwa mvuvi ni riba na bima kwa pamoja. Wanauchumi huiita mikataba iliyofungamana: soko la samaki na soko la mkopo vimekuwa kitu kimoja, na ukipima kimoja peke yake unapotea. Ukitazama bei tu utaona dhuluma. Ukitazama unga tu utaona sadaka.

Simtetei tajiri. Alipokuwa mnunuzi pekee ufukweni, daftari langu lilionyesha makato makubwa zaidi. Lakini atakayemwondoa kwa mkopo wa benki unaodai rejesho kila mwezi, kusi na kaskazi sawasawa, hajamwelewa mvuvi.

Niliyemsahau kabisa ni mama karanga, yule mama anayekaanga samaki na kuwauza, anayenunua kwa fedha taslimu samaki ambao tajiri amewakataa. Daftari la mwaka huu anashika yeye.