Kamba ya mbwa ya kujitengenezea: yanayosemwa na yalivyo

Kamba yangu ya kwanza ya mbwa niliitengeneza kwa kamba kuukuu ya kulimia mwani. Tangu kilimo hicho kianze pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kamba zilizostaafu hazikosekani majumbani Jambiani. Nyengine huanikiwa nguo, nyengine hufungiwa mbuzi. Yangu ilikuwa nene kama kidole gumba. Nikaipiga fundo, nikaona kazi imekwisha. Siku ya tatu mbwa akamwona kaa ufukweni, akaruka mara moja tu. Nikabaki na kipande mkononi.

Mzee jirani yangu, msasi wa nguruwe tangu ujana wake, alikichukua kile kipande akakifumua kwa kucha. Pakatoka vumbi jeupe kama unga wa muhogo.

"Kamba hii ishakufa zamani, mwanangu. Wewe ulikuwa ukiburura maiti."

Basi hiyo ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote: kamba nene haikatiki. Unene haukwambii kamba imekaa juani miaka mingapi. Kamba za plastiki huliwa na jua. Nyuzi hukauka, zikakwaruza, zikamomonyoka, na kwa mbali kamba bado inaonekana nzima. Kabla hujaikata, ipindue nyuzi uzisugue kwa vidole. Zikitoa unga, iachie kazi ya kuanikia nguo. Kamba mpya ya nailoni ya milimita 10 inamtosha mbwa wetu wa kawaida.

"Piga mafundo mawili, ndiyo itashika zaidi." Hapa ndipo wengi tunapoharibu kamba nzuri. Kamba ikipindwa ghafla, mzigo haugawiki sawa kwenye nyuzi zote, na fundo la kawaida laweza kupunguza nguvu yake hata kwa nusu. Mabaharia hulikwepa hilo kwa kuirudisha ncha ndani ya kamba yenyewe. Fumua ncha ya kamba ya nyuzi tatu kiasi cha shibiri moja, ipitishe kwenye pete ya kulabu itakayoshika mkanda wa shingoni, kisha irudishe. Chukua bisibisi, panua msokoto, upenyeze kila uzi chini ya uzi mmoja wa kamba, ukienda kinyume na msokoto. Zungusha hivyo mara tano, ukikaza kila mara. Mara ya kwanza vidole vitauma na utatukana. Mara ya pili utaona ni kama kusuka ukili. Ncha zinazobaki zichome kwa kiberiti, ila usizibane kwa vidole, maana nailoni iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi ikiwa moto.

Kulabu nayo isiwe pete ya funguo. Hiyo mbwa akivuta hufunguka. Nunua ya shaba yenye springi kwenye maduka ya vifaa vya baharini; chuma cha kawaida kwa hewa yetu ya chumvi hushika kutu upesi.

"Usumba ndiyo kamba yetu, basi ndiyo bora." Nusu ni kweli. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani miezi kadhaa, yakapondwa, yakasokotwa, na kamba yake huvumilia maji ya chumvi. Lakini mbwa akiivuta ghafla huchuna kiganja, na shingoni hukwangua manyoya mpaka ngozi ikawa nyekundu. Ukiipenda, zungushia kipande cha kanga pale pa kushikia, na shingoni usiifikishe kabisa.

Shingoni panataka mkanda bapa wenye bizimu, unaopisha vidole viwili. Wapo wanaosema kitanzi kinachokaza humtia mbwa adabu. Kinachomtia ni kikohozi. Kitanzi kikishakaza huenda kisilegee, na mtoto wa mbwa hukua huku kimembana. Nimeona kilichozama kwenye nyama.

Halafu lipo la najisi ya mbwa, na hili si langu kulitolea fatwa. Tulivyofundishwa chuo cha Kurani kwa madhehebu ya Shafii, kikavu kwa kikavu najisi haihami. Ni unyevu ndio wenye kazi, nao huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mnyama aliyefunzwa kuwinda ametajwa katika Suratul Maida, aya ya 4. Mimi nimechukua la kiutendaji: usumba hunywa mate, nailoni huyaacha juu ukayaosha. Na kamba isiwe fupi mno, isije pua ikafika kwenye kanzu. Mita moja na nusu yatosha; ikizidi mbili, utakuwa unakunjua kamba barabarani huku bodaboda inapiga honi.

"Kumfunga mbwa kamba ni mambo ya wageni wa mahotelini." Sivyo. Wasasi huwafunga mbwa wao tangu nyumbani mpaka wafike msituni. Na wanapokuja wachanjaji wa kichaa cha mbwa, iwe Unguja au Pemba, mbwa aliyeshikwa vizuri huchomwa sindano akamaliza, na aliyechomoka hurudi bila chanjo. Ugonjwa huo huzuilika pale asilimia 70 ya mbwa wanapochanjwa, na asilimia hiyo haipatikani kwa kukimbizana nao kwenye mikorosho. Wa kwangu alivuta mara mbili alipoiona sindano, akatazama kamba, akakaa.