Nikikutwa na kaswende, nitafungiwa? Maswali ya kina mama wa Ujiji

Swali: Nesi, pale kwenye benchi wanasema ukikutwa na ugonjwa wa zinaa unapelekwa kambini kama wa kipindupindu. Ni kweli?

Hapana, mama. Najua hofu hiyo inatoka wapi. Sisi watu wa Kigoma tunakumbuka Mei 2015, wakimbizi kutoka Burundi walipojazana Kagunga na kipindupindu kikazuka. Mgonjwa wa kipindupindu hutengwa kwa sababu choo na matapishi yake yakifika kwenye maji, mtaa mzima unaweza kuugua. Kisonono na kaswende haviendi hivyo. Ukikaa na jirani mwenye kisonono mkala sahani moja, hakuambukizi.

Swali: Kwa hiyo serikali haina uwezo wa kumtenga mtu?

Inao. Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inaruhusu kutenga wagonjwa ili kuzuia maambukizi. VVU vina sheria yake, ya mwaka 2008. Hiyo inataka upimwe kwa ridhaa yako, isipokuwa katika mambo machache kama amri ya mahakama, na majibu yako yatunzwe kwa siri. Inamtaka pia mwenye VVU amjulishe mwenza wake, na anayeambukiza kwa makusudi anaweza kufungwa jela. Lakini huyo anafungwa kwa kosa lililothibitishwa mahakamani, si kwa kuumwa.

Swali: Hakuna nchi iliyowahi kuwafungia?

Zipo, na habari zake zinaniuma. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1864: katika miji ya bandari na ya kambi za jeshi, mwanamke aliyeshukiwa kuwa kahaba alipimwa kwa lazima, na akikutwa na ugonjwa alizuiliwa hospitalini. Askari waliolala naye hawakuguswa! Ugonjwa ungeishaje, wakati nusu ya wagonjwa wako nje? Wanawake walipambana na sheria hiyo mpaka ikafutwa mwaka 1886. Cuba nayo, kuanzia 1986, iliwaweka watu wenye VVU kwenye vituo maalumu, ikalegeza mwaka 1993. Na mwaka 2005 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba Sweden ilikosea kumzuilia mwanamume mwenye VVU kabla ya kujaribu njia nyepesi zaidi.

Swali: Basi mnazuiaje ugonjwa usienee?

Kwa dawa, na kwa kumpata mwenza. Kaswende ya mapema huponywa kwa sindano ya penisilini. Kwa mjamzito hatungoji, maana isipotibiwa inaweza kumuua mtoto tumboni au akazaliwa nayo. Ila ukitibiwa peke yako, mume asipotibiwa, atakurudishia.

Swali: Mume wangu yuko ziwani kwenye dagaa.

Wewe choma sindano leo, usimsubiri. Mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika, mwambie aje siku hizo. Akiwa kambi ya mbali, aende kituo cha afya kilicho karibu naye, aseme tu kwamba mwenza wake ametibiwa kaswende. Mpaka wote wawili mmalize dawa na mhudumu awaruhusu, msikutane kimwili.

Swali: Naogopa atasema mimi ndiye niliyemletea.

Kipimo hakisemi nani alianza. Kaswende inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili. Kama unaogopa atakupiga, usimwambie mkiwa wawili nyumbani. Niambie mimi kwanza, tupange namna ya kumwita bila kukutaja.