Je, wajua kwa nini mteremko huumiza mapaja kuliko mlima?

Kila mwaka, mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, maelfu ya watu hukusanyika alfajiri katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon, na wengi wao huwa wamejiandikisha kukimbia nusu marathoni, yaani kilomita 21 na mita 97 na nusu. Njia yake huanzia mjini, kisha hushika barabara ya Mweka, ambayo hupanda taratibu katikati ya migomba na mibuni hadi mahali pa kugeuzia, na kutoka hapo wakimbiaji huteremka kurudi mjini. Ukiwasikiliza wageni wa mbio hizo usiku wa kuamkia siku yenyewe, wote huulizana habari za mlima. Ukiwakuta kesho yake, wakishuka ngazi ubavu ubavu huku wameshika ukuta, hakuna anayeutaja mlima tena. Kilichowamaliza ni mteremko.

Nami yalinikuta hayo. Nilikuwa nimefanya mazoezi yangu yote Dar es Salaam, kwenye barabara ya ufukweni isiyo na kilima hata kimoja, kwa hiyo mpando wa Mweka niliupanda kwa woga, hatua fupi fupi, pumzi ikinikata. Nilipogeuza nilijiona nimeshamaliza kazi: pumzi ilirudi, mapigo ya moyo yalitulia, nikaiachia miguu iende itakavyo, na kwa kilomita kadhaa nilikimbia kwa kasi ambayo sikuwahi kuifikia maishani. Karibu na kilomita ya 18 mapaja yalianza kutetemeka upande wa mbele, juu kidogo ya magoti, na nilipotaka kuvuka mtaro mdogo kando ya barabara nilihisi goti linataka kujikunja lenyewe. Kilichonishangaza ni kwamba wakati huo hata sikuwa nahema.

Dhana ya kwanza inayomjia mtu ni kwamba chakula kimekwisha mwilini. Hesabu haikubali. Mkimbiaji hutumia takribani kilokalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita, kwa hiyo mwenye kilo 60 atatumia kama 1,300 kwa nusu marathoni nzima, ilhali akiba ya wanga iliyomo katika misuli na ini la mtu aliyekula vizuri hukaribia 2,000. Kuishiwa kwa namna hiyo huwapata zaidi wale wa kilomita 42, wakishapita kilomita ya 30. Dhana ya pili, ambayo imeenea hata miongoni mwa walimu wa michezo, ni asidi ya laktiki, nayo inasingiziwa: huondoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya mbio, wakati maumivu haya huja baadaye na kufikia kilele siku ya pili au ya tatu.

Jibu limo katika namna msuli unavyofanya kazi. Unapopanda, msuli wa mbele wa paja hujikaza na kufupika, goti hunyooka na mwili huinuka. Unapoteremka, kila mguu unapogusa ardhi goti hukunjika kwa uzito wa mwili, na msuli uleule hulazimika kujikaza huku ukivutwa na kurefushwa, ili goti lisikunjike moja kwa moja hadi chini. Hali yake ni kama ya mtu anayeteremsha gunia kutoka darini kwa kamba: havuti, ila anashikilia, na kamba inampita viganjani kidogo kidogo.

Kazi hii ya kushikilia ina sifa moja ya ajabu, nayo ni kwamba mwili huiona rahisi. Mwaka 1952 wanasayansi watatu nchini Uingereza, Abbott, Brenda Bigland na Ritchie, waliunganisha baiskeli mbili kwa mnyororo, zikiwa zimepeana migongo. Mmoja alikanyaga pedali kwa kawaida, na mwenzake, ambaye pedali zake zilikuwa zikirudi nyuma, alikuwa na kazi ya kuzizuia tu. Nguvu zilizopambana pale zilikuwa sawa kwa wote wawili, lakini yule wa kuzuia alitumia oksijeni kidogo sana kuliko mkanyagaji, kiasi kwamba mwanamke mwenye umbo dogo aliweza kumchosha mwanamume mkubwa bila yeye mwenyewe kutaabika. Ndiyo maana mkimbiaji anayetoka Mweka hudanganyika. Mapafu na moyo humwambia kwamba anapumzika, na anawaamini, kumbe mapaja yako kazini kuliko wakati wowote.

Nafuu hiyo ya pumzi ina gharama yake. Msuli unaorefuka hutumia nyuzi chache kubeba mzigo uleule, kwa hiyo kila uzi hubeba zaidi. Ndani ya uzi mmoja mmoja mna vipande vidogo mno, kila kimoja kikiwa na urefu wa kama sehemu mbili za milimita moja iliyogawanywa mara elfu, vilivyoungana mithili ya pingili za muwa. Vilivyo dhaifu hunyooshwa kupita kiasi hadi vinashindwa kujishika tena, na hatua inayofuata huwakuta majirani zao wakiwa wamebaki wachache. Sasa zidisha. Kilomita moja ina hatua takribani 1,000, kwa hiyo kilomita kumi za mteremko ni kama kutua mara 5,000 kwa kila mguu, na kila kutua huja na nguvu inayozidi uzito wa mwili mara mbili. Nguvu ya paja hupungua papo hapo, na huko ndiko kutetemeka nilikokuhisi. Uvimbe na maumivu hufuata polepole, mwili unapoanza kusafisha na kukarabati nyuzi zilizochanika, ndiyo sababu mtu anaweza kulala akiwa mzima na kuamka hawezi kushuka kitandani.

Wapagazi na waongoza watalii wa Kilimanjaro wanalijua hili vizuri, kwa kuwa njia ya Mweka mlimani hutumika kushukia tu, na mgeni aliyefika kileleni kwa miguu yake huanza kulia habari za mapaja akiwa njiani kurudi. Hata Boston, ambako Juma Ikangaa wa Tanzania alishika nafasi ya pili mara tatu mfululizo kuanzia 1988 hadi 1990, njia ya marathoni huanza kwa mteremko mrefu kutoka Hopkinton, na vilima vya Newton vinavyokuja baadaye huogopwa hasa kwa sababu huwakuta wakimbiaji mapaja yakiwa yameshaliwa.

Dereva wa lori anayeshuka Kitonga, ule mteremko mkali wa barabara ya Iringa, hatumii breki peke yake, huweka gia ndogo tangu juu. Mkimbiaji naye hufanya vivyo hivyo kwa kukata hatua ziwe fupi na za haraka, mguu ukitua chini ya kiuno badala ya kutangulia mbele, ili goti lisibebe mshindo wote kwa mara moja. Hata hivyo dawa yenyewe hasa ni mteremko. Msuli ulioumia hivi mara moja hujijenga upya ukiwa imara zaidi, kiasi kwamba mazoezi mawili au matatu ya kuteremka, yafanywe wiki chache kabla ya mbio, hupunguza maumivu kwa kiasi kikubwa, hata kama yenyewe yalikuwa mafupi. Kinga hiyo hudumu wiki kadhaa, pengine miezi, kisha huisha. Kwa hiyo mtu wa Dar es Salaam anayeikimbia Moshi kila mwaka, na katikati hashuki kilima chochote, huifikia Mweka kila Februari akiwa na mapaja yaleyale ya kigeni aliyokuja nayo mara ya kwanza.