Kwa nini mzamiaji huvua mkanda wa risasi kwanza na mapezi mwisho?

Keti ndani ya boti ya wazamiaji pale Mnemba, Misali au Watamu, utazame wanavyorudi. Kichwa kinaibuka, jua linawaka, hewa imejaa kila upande, lakini mzamiaji bado amekiuma kipumulio na miwani iko usoni. Akifika ubavuni mwa boti ya mpira anashika kamba kwanza. Anafungua mkanda wa risasi, yaani ule wenye vipande vya madini mazito vya kumsaidia kuzama, anampa baharia. Kisha jaketi la kujaza hewa pamoja na mtungi wa hewa uliofungwa mgongoni mwake. Mapezi, yale mapana ya kuogelea nayo, hayatoki miguuni mpaka tumbo lake limelala juu ya ukingo wa boti. Mgeni wa mambo haya, akiambiwa "subiri, mkanda kwanza", hudhani anasumbuliwa bure.

Hasumbuliwi. Dakika zile tano za kutoka majini ndizo ambazo mtu huwa amechoka, ana furaha ya kusimulia alichokiona, na amekwisha kujiambia kuwa kazi imekwisha. Hapo ndipo vifaa hupotea, vidole vya miguu hupondwa, na mara nyingine mtu huzama akiwa mita 1 tu kutoka mahali pa usalama.

Tuanze na mtungi, kwa sababu mambo mengi yanatokana nao. Mtungi wa alumini uliozoeleka kwenye vituo vya uzamiaji una ujazo wa lita 11 hivi, na ukiwa mtupu una uzito wa kilo 14 hivi. Hujazwa hewa mpaka presha ifike karibu baa 200, yaani kama mara 200 ya presha ya hewa ya kawaida. Maana yake umeshindiliwa takriban lita 2,200 za hewa ya kawaida. Na hewa ina uzito: lita 1,000 zake ni kama kilo 1.2. Kwa hiyo mzamiaji anaposhuka amebeba kilo mbili na nusu au zaidi za hewa tupu, na mpaka anaporudi juu sehemu kubwa ya uzito huo ameshaupumua. Mtungi uleule uliokuwa unazama polepole mwanzoni, mwishoni unataka kuelea. Mitungi ya chuma haina tabia hiyo. Mingi huendelea kuzama hata ikiwa karibu tupu.

Suti ya mpira nayo inaelea, hata ile nyembamba ya milimita 3 inayotosha kwenye maji yetu ya joto. Ndiyo maana mzamiaji hufunga kiunoni vipande vya risasi, madini yaleyale ambayo mvuvi hutengenezea chubwi. Kiasi chake hupimwa kwa kufikiria mwisho wa safari. Mtu lazima aweze kutulia mita 5 chini ya uso wa maji kwa dakika 3, mtungi ukiwa mwepesi, ili mwili uendelee kutoa naitrojeni, gesi ya hewani iliyouingia akiwa chini, kabla ya kuibuka. Risasi ikipungua, atapanda juu kabla ya wakati.

Sasa ameibuka. Amejaza hewa kwenye jaketi lake la kuelea, na jaketi ndilo linalomshikilia juu pamoja na risasi zake zote. Je, akiamua kuvua jaketi kwanza, mkanda ukiwa bado kiunoni? Jaketi lililojaa hewa litabaki juu likielea na mtungi wake. Yeye, mwenye kilo kadhaa za risasi, hana tena kinachomshikilia. Anaanza kwenda chini huku hewa yake yote ikielea juu ya kichwa chake. Sijui namna iliyo wazi zaidi ya kueleza kwa nini mkanda hutangulia.

Kanuni hii ina umri mkubwa kuliko jaketi lenyewe. Jacques-Yves Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walipounda kifaa chao cha kupumulia majini huko Ufaransa mwaka 1943, wazamiaji hawakuwa na jaketi la kujaza hewa. Ukitaka kuelea kwa dharura, ulikuwa unaangusha risasi. Ndiyo sababu mpaka leo bizimu ya mkanda huo hufunguka kwa mvuto mmoja wa mkono mmoja, na hakuna kamba wala mkanda mwingine unaoruhusiwa kupita juu yake. Ripoti za vifo vya wazamiaji katika nchi mbalimbali zimekuwa zikirudia jambo lilelile kwa miaka mingi: wengi huopolewa wakiwa bado wamefunga risasi zao. Walikuwa na dawa kiunoni na hawakuitumia. Kwa hiyo mazoea ya kuushughulikia mkanda mapema, kila siku, hata bahari ikiwa shwari, yanaufundisha mkono njia ya kwenda kwenye bizimu siku akili itakapokuwa imevurugika.

Kuna ufundi katika kuutoa. Shika ile ncha isiyo na bizimu, bizimu ining'inie chini. Vipande vya risasi vikiteleza vitakwamia kwenye bizimu. Ukishika kinyume chake, vitachomoka kimoja baada ya kingine na kwenda zao. Kisha mpe baharia mkononi, ngoja aseme "nimeshika", ndipo uachie. Risasi ni nzito mara 11 kuliko maji, kwa hiyo bahari haiipunguzii uzito wa kutosha kukupa muda wa kuidaka. Na yule mwenzako anayesubiri zamu yake yuko hapohapo chini.

Majaketi ya kisasa mengi yana mifuko ya risasi ndani yake, bila mkanda kiunoni. Hapo hatari inageuka upande wa pili. Mtu akilivua jaketi lisilo na hewa ya kutosha, yeye na suti yake wataelea vizuri kabisa, ila jaketi, mtungi na rigyuleta (kifaa kinachotoa hewa mtungini na kuipeleka kwenye kipumulio) vitashuka pamoja. Eneo kama mkondo wa Pemba, ambako ukuta wa matumbawe unaangukia kwenye kina kikubwa, hakuna wa kuvifuata. Kwa hiyo: jaza jaketi hewa, chomoa mifuko ya risasi na uipeleke juu kwanza, halafu ndipo uvue. Mpangilio unabaki uleule, uzito kwanza.

Mapezi ni injini ya mzamiaji. Mtu aliyevaa vifaa kamili bila mapezi ni mzigo unaoelea. Mkondo ukimshika, hata waogeleaji hodari wataishia kuitazama boti ikizidi kuwa ndogo. Ndiyo maana haruhusiwi kuyavua mpaka awe ameshika kitu kilichofungwa kwenye boti, iwe ngazi au kamba ndefu inayoachwa ikielea nyuma yenye boya mwishoni. Kwenye boti ya mpira isiyo na ngazi yanabaki mpaka mwisho kabisa, kwa sababu ndiyo yanayomsukuma: anapiga teke mbili tatu za nguvu, anajinyanyua kwa mikono, baharia anamvuta, amepanda. Asiye na mapezi hapo atavutwa kama nyavu iliyojaa samaki.

Boti yenye ngazi ina utaratibu tofauti kidogo, na ndiyo tunayoiona zaidi kwenye boti za mbao na majahazi. Wengi hupanda wakiwa wamevaa jaketi na mtungi, mapezi yakiwa yametolewa baada ya mkono mmoja kushika ngazi. Lakini kuna jambo ambalo miguu hukumbuka kwa uchungu: maji yalikuwa yanaubeba mzigo wote, na kila hatua ya ngazi inamrudishia mwenyewe. Mtungi, jaketi, rigyuleta na risasi vikijumlishwa havipungui kilo 20. Kuubeba mzigo huo juu ya ngazi inayoyumba, msimu wa kusi mawimbi yakiinua na kushusha boti, ni kazi kubwa kwa mwili ambao bado una naitrojeni ya ziada kwenye damu, na wazamiaji hushauriwa kuepuka kujikamua sana baada ya kuibuka. Kwa maoni yangu, mtu mwenye umri mkubwa, mwenye mgongo mbovu au aliyechoka asione haya kumkabidhi baharia kila kitu akiwa majini.

Usikae chini ya ngazi mwenzako anapopanda. Mtungi hushikiliwa kwenye jaketi kwa ukanda wa nailoni, na nailoni ikilowa hulegea. Ukanda uliokazwa ukiwa mkavu asubuhi unaweza kuuacha mtungi uteleze taratibu mpaka, mtu akiinama kushika hatua ya juu, kilo 14 za alumini zikachomoka na kushuka. Dawa yake hufanywa kabla ya kuzama: lowesha ukanda kwanza, ndipo ukaze. Halafu nyanyua jaketi kwa mkono mmoja, litikise, mtungi usisogee.

Na kipumulio mdomoni je, mtu akiwa tayari juu? Piga hesabu. Mzamiaji mwangalifu huibuka akiwa na baa 50 hivi. Hizo ni kama lita 550, na mtu anayepumua lita 20 kwa dakika juu ya maji zitamtosha zaidi ya dakika 25. Ana hewa tele, haimgharimu kitu kuitumia. Wimbi likimfunika, akipigwa na ubavu wa boti au akiteleza kutoka kwenye ngazi, atavuta hewa badala ya chumvi. Miwani ni vivyo hivyo, na ukitaka kuishusha, ishushe shingoni. Ile ya kuipandisha kwenye paji la uso huondoka na wimbi la kwanza, tena katika mafunzo ya uzamiaji wengi hufundishwa kuichukulia kuwa dalili ya mtu mwenye taharuki.

Haya yote yanasubiri injini ya boti. Nahodha anapowafuata watu waliobebwa na mkondo, hakuna anayesogelea nyuma ya boti wala kufungua chochote mpaka propela isimame na nahodha aseme njooni.

Mtungi ukishafika juu ya boti, usiuache umesimama. Mtungi wa alumini una kitako bapa, unasimama wenyewe vizuri nchi kavu, na hilo huwadanganya watu. Kwenye boti, wimbi moja la ubavuni linatosha kuuangusha. Hofu ya wengi ni vali kukatika na mtungi kuruka kama roketi. Inawezekana, lakini ni nadra. La kila siku ni kidole gumba kilichopondwa, na rigyuleta iliyopinda kwa sababu ndiyo iliyogonga sakafu kwanza. Uingize kwenye tundu lake na uufunge kwa kamba ya mpira, au ulaze na kuuzuia usibingirike. Ile iliyojaa, inayosubiri mzamo wa pili, ifunikwe isipigwe na jua: mtungi wenye baa 200 kwenye nyuzi 27 ukipata moto mpaka nyuzi 60 utafika baa 220 hivi.

Kufungua rigyuleta kunahitaji subira. Funga vali ya mtungi, kisha bonyeza kitufe cha kipumulio hewa iliyobaki kwenye mipira ya kupitishia hewa itoke mpaka geji isome sifuri. Baa 50 ni nguvu ya kama kilo 50 juu ya kila sentimita moja ya mraba, kwa hiyo skrubu ikikataa kuzunguka kwa vidole, usitafute koleo. Imekuambia bado kuna presha ndani. Ikishafunguka, futa kile kifuniko kidogo cha mdomo wa rigyuleta kwa kitambaa kikavu na ukifunge palepale, kabla hujaanza kusimulia habari za kasa uliyemwona. Tone moja la maji ya chumvi likiingia humo hukaa mahali ambapo huwezi kulifikia, na kutu huanza bila mtu kujua.

Ufukweni, rigyuleta huoshwa kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ikiwa imefunikwa. Wengi wakiwa wanaosha hubonyeza kitufe cha kipumulio ili maji yapite vizuri. Wasifanye hivyo ikiwa rigyuleta haiko kwenye mtungi uliofunguliwa: kitufe hicho hufungua mlango wa hewa, na bila presha ya kuyarudisha nyuma, maji hupanda kwenye mpira mpaka ndani kabisa. Itumbukize, itikise, iache dakika kadhaa, halafu itundike kivulini.