Picha ya Nairobi, pini Samburu

Mteja wangu mmoja, mwenye magari ya kutembeza watalii, aliniletea mamia ya picha alizopiga hapa Nairobi. Kwenye ramani ya programu yake, pini zilikuwa zimerundikana Samburu, kaskazini mashariki mwa Maralal. Alidhani simu imeharibika. Simu haikuwa na neno.

Simu huandika latitudo ndani ya faili ya picha kama namba tupu, kisha kando yake herufi N (kaskazini) au S (kusini). Katikati ya jiji letu ni takriban 1.29, herufi S. Programu ikiiruka hiyo herufi, tunavushwa ikweta, kilomita 285 hivi kaskazini, longitudo ikibaki palepale 36.82. Mwandishi wa programu anayeijaribu akiwa London, kaskazini mwa ikweta, hataliona kosa hilo kamwe.

Mambo haya nilianza kuyafuatilia kupitia Flickr, tovuti ya kuweka picha. Ilipoanza 2004 haikuwa na ramani; watu waliandika latitudo na longitudo wenyewe kama lebo. Agosti 2006 ikaweka ramani ya kuburutia picha, na kwa siku moja tu zaidi ya milioni 1.2 zikapata mahali pake. Novemba 2007 jumla ya picha ilifika bilioni 2. Rundo kama hilo, ukitafuta "soko", utaletewa masoko ya dunia nzima. Ukijua mahali, unabaki na Gikomba.

Nilichokipenda zaidi kwenye Flickr ni kiwango cha usahihi wa mahali, 1 hadi 16: 1 ni dunia, 11 ni mji, 16 ni mtaa. Ukisema "Nairobi" tu, tovuti haijifanyi inajua kichochoro. Programu zisizo na adabu hiyo hukubwagia pini katikati ya jiji, hata kama picha ni ya Kayole.

Usahihi nao una hatari zake. Latitudo na longitudo zenye desimali 4 humfikisha mtu mita 11 kutoka mlangoni pako. Desimali 2, kilomita moja hivi. Picha za nyumbani mimi huziachia 2. Za vifaru wa Mbuga ya Nairobi nafuta mahali kabisa, majangili nao wana simu.

Kwa yule mteja nilifanya uvivu: nikatia alama ya kutoa, yaani kusini, mbele ya kila latitudo, hata kwenye picha zake za safari. Jioni akanipigia akicheka. Ngamia aliowapiga picha Maralal kwenyewe sasa walikuwa upande wa Limuru, wanakula majani chai. Nikarudi kusoma herufi, faili moja baada ya nyingine.