Saratani inayoanzia moyoni hutambuliwaje?

Saratani ya msingi ya moyo ni ile inayoota ndani ya moyo wenyewe, si iliyotoka kwenye mapafu, titi au ngozi ikaenea hadi hapo. Hilo ndilo swali la kwanza la daktari, kwani saratani iliyosambaa hadi moyoni huonekana mara 20 au zaidi kuliko iliyoanzia moyoni. Katika uchunguzi wa maiti, uvimbe wa msingi wa moyo wa aina yoyote hukadiriwa kuwapo kwa watu kama 2 katika kila 10,000, na sehemu kubwa ya uvimbe huo hata si saratani.

Kwa watu wazima, inayoongoza ni angiosakoma, inayotokana na seli za kuta za mishipa ya damu. Mara nyingi huota kwenye chumba cha juu cha kulia. Limfoma ya moyo, saratani ya seli nyeupe za kinga, nayo hupenda upande wa kulia, na wenye kinga dhaifu, wakiwemo wanaoishi na VVU, wamo hatarini zaidi.

Ugumu uko kwenye dalili. Pumzi kukatika, miguu kuvimba, mapigo kwenda ovyo, homa, kukonda, maji kujaa kwenye mfuko wa moyo: yote haya yana visababishi vingine vingi. Afrika Mashariki, maji kwenye mfuko wa moyo huelekeza mawazo kwenye kifua kikuu, na ni sawa kabisa, maana ndicho kisababishi kikubwa. Lakini maji yakiwa na damu, yakitolewa yakarudi, na dawa za TB zisipoleta nafuu, lazima uvimbe utafutwe. Tena nasisitiza: angiosakoma mara nyingi haidondoshi seli zake kwenye maji hayo. Jibu la maabara kwamba seli za saratani hazikuonekana halimtoi mgonjwa kwenye shaka.

Kipimo cha kwanza ni eko ya moyo, inayotumia mawimbi ya sauti. Isipoonyesha vizuri, hufanywa eko ya kupitia kwenye umio, ulio nyuma tu ya moyo. Miksoma, uvimbe usio wa saratani, kwa kawaida huning'inia kwa kikonyo kwenye ukuta unaotenga vyumba vya juu, upande wa kushoto. Sakoma, kundi la saratani ambalo angiosakoma imo, huwa na shina pana na huzama ukutani. Hata hivyo zipo sakoma za upande wa kushoto zilizodhaniwa kuwa miksoma hadi mtaalamu wa patholojia alipozitazama baada ya upasuaji.

MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku, husaidia kutenganisha uvimbe na bonge la damu: bonge halina mishipa, hivyo halinyonyi dawa ya kung'arisha picha. CT, kipimo cha picha za eksirei za tabaka kwa tabaka, huangalia pia mapafu, kwa sababu angiosakoma nyingi hugunduliwa zikiwa zimeshafika huko.

Picha hujenga shaka. Kinachothibitisha ni kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kilichopimwa maabara. Huchukuliwa kwa mrija unaopitishwa kwenye mshipa wa shingo au kinena, au kwa upasuaji. Kuna hatari ya kutoboa ukuta wa moyo au kipande kumeguka na kwenda mapafuni, kwa hiyo ikiwa saratani imeshatokeza mahali pepesi kufikika, ni heri kukata hapo. Mwaka 1934, nchini Marekani, daktari Barnes alitambua sakoma ya moyo kwa mgonjwa aliye hai akitumia kipimo cha umeme wa moyo na kinyama cha tezi ambako ugonjwa ulikuwa umesambaa.

Aina ya saratani ndiyo inayoamua tiba: limfoma huweza kusinyaa kwa dawa bila kisu, ilhali angiosakoma huhitaji kukatwa inapowezekana. Jambo moja naliona halisemwi vya kutosha. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe-joto, ambayo wakati mwingine hupewa mgonjwa anayedhaniwa kuwa na TB ya mfuko wa moyo, huweza kusinyaza limfoma kwa muda. Mgonjwa hupata nafuu, na kinyama kikija kuchukuliwa baadaye hakisomeki vizuri. Limfoma ikishukiwa na hali ya mgonjwa ikiruhusu, kinyama kitangulie dawa hiyo.